Barua Isiyo na Utani

Mwanangu Mwanaidi,

Umetoka hapa saa tisa kwenda Chole kumuaga mama yako mdogo, umepakiwa na Athumani kwenye pikipiki yake, na kabla hamjapotea kwenye kona ya mikorosho ukageuka ukanipungia mkono. Nilikuwa nimeshika jembe, najifanya naelekea shamba. Sikwenda. Nimerudi ndani, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari lako la zamani la jiografia, na sasa nimekaa barazani naandika. Mama yako mdogo namjua, hawezi kukuachia uondoke kwake bila kula, kwa hiyo mpaka magharibi huyu mzee ana nafasi ya kutosha.

Mambo ya godoro, ndoo, chandarua na nani atakupokea ukishuka Mlandizi kuelekea Kibaha sitayagusa. Ushaelekezwa na watu zaidi ya kumi, na wengine wao hata Mlandizi yenyewe hawajawahi kufika. Mimi nina jambo moja tu. Mwaka jana kwenye mkutano wa kijiji uliniambia neno mbele ya watu wote, na mimi sikukujibu. Tumeishi nyumba moja tangu siku ile, tumekula pamoja, tumevuna korosho pamoja, na bado sijakujibu. Kesho unakwenda Kibaha kusomea ustawi wa jamii. Sitaki ufike huko ukafundishwe na walimu namna ya kuzungumza na watu wenye majonzi, wakati baba yako mwenyewe hajawahi kuzungumza nawe hata siku moja.

Nimejaribu kwa mdomo, wallahi nimejaribu. Kila nikifungua mdomo kinatoka kichekesho. Wiki iliyopita nilikufuata jikoni nikiwa nimejipanga kabisa, nikaishia kukwambia ugali wako unaweza kujengea msingi wa nyumba. Ukacheka, nikacheka, nikatoka. Kwa hiyo naona niandike. Karatasi hainichekei, na mimi nisipochekewa huwa nanyamaza nikafikiri.

Umezaliwa ukanikuta hivi, labda hujui ilivyoanza. Babu yangu alikuja huku kutoka Unyamwezi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Ruvu. Kazi ilipokwisha akaoa hapa Kurui, akalima, akazikwa hapa hapa. Baba yangu alizaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa, tunaswali msikiti mmoja na watu wa hapa na mihogo tunapanda kama wao. Kinyamwezi changu ni cha kuombea maji ya kunywa tu, na sina hakika kama ningepewa. Lakini kwa Wazaramo sisi bado ni Wanyamwezi, na Mnyamwezi kwao ni mtani. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayeingia kati ya wanaolia, anajilaza njiani jeneza lisipite, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kugomba, mpaka waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na machozi yapo mashavuni. Ni kazi ya heshima, usiidharau. Nimeona wajane waliokataa kula siku tatu wakila baada ya mimi kupita.

Baba yangu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikakaa pembeni ya nyumba nalia. Akaja baba mkubwa akanishika sikio, akaniambia watu wamejaa uwanjani na hakuna wa kuwatania, nani ataifanya kazi ya marehemu kama si mwanawe. Nikafuta uso, nikavaa kofia ya baba yangu, nikatembea kwa kuchechemea kama yeye. Watu walicheka sana. Wakanisifu kwamba nimekuwa mwanamume. Kuanzia siku hiyo nikaamini kwamba ndivyo mtu anavyofanya akiumia, na tena nikaona mimi ni hodari kuliko wengine kwa sababu siumii.

Sasa nakuja kwa mama yako.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Ulikuwa kidato cha pili. Mama yako aliumwa kichwa asubuhi, tukasema ni jua, mchana akaanguka, na mpaka usafiri unapatikana na kufika hospitali, alikuwa ameshatangulia. Tukamrudisha. Kesho yake uwanja umejaa, wanawake ndani, wanaume nje, na ukimya ule ulikuwa unanitisha. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Labda walikuwa wananionea huruma, sasa nadhani walikuwa wananionea huruma tu. Lakini mimi nilivyozoea, mtu akinitazama msibani najua ananidai kichekesho. Wazaramo wamefiwa na binti yao, na mtani wao ni mimi.

Nikaingia ndani, nikachukua khanga ya mama yako, ile ya zambarau, nikajifunga kiunoni. Nikatoka uwanjani nawaita kuku kwa sauti yake. Nikatembea mwendo wake ule wa haraka, mkono mmoja nyuma. Nikamwigiza anavyonigombeza nikichelewa kurudi shamba. Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakashika mbavu. Shehe aliinamisha macho. Wakasema Maganga ni mwanamume wa shoka, anamzika mkewe na bado anawachekesha watu. Na mimi nilipogeuka nikakuona wewe umesimama mlangoni. Hukuwa unalia wala kucheka. Ulinitazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyeingia nyumbani kwenu, halafu ukarudi ndani ukafunga mlango.

Hukutoka kwa miezi saba.

Namaanisha ulikuwa unatoka kwenda chooni na kuoga, lakini wewe mwenyewe hukutoka. Shule uliacha. Chakula ulikula kama ndege. Ulikuwa unalala umejifunika khanga ile ile niliyokuwa nimeivaa mimi. Na mimi baba yako, ninayejua kumchekesha mjane, nilifanya nini? Wageni walipouliza mbona Mwanaidi haonekani, nikawaambia nimeweka mwali ndani. Unajua watu wa huku, msichana kuwekwa ndani afundwe ni jambo la furaha, anatolewa kwa ngoma. Nikasema, msimsumbue mwali wangu, anafundwa, siku akitoka andaeni ngoma. Wakacheka. Kesho wakauliza tena kwa makusudi ili niseme tena, na mimi nikaongeza chumvi, nikasema mwali mwenyewe anangoja mahari kubwa ndiyo maana hatoki. Kichekesho kikatembea mpaka kisimani, mpaka shuleni. Watoto wakawa wanapita nje ya dirisha lako wakiimba wimbo wa mwali. Niliwafukuza, kweli, lakini wimbo niliwatungia mimi.

Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambako mtoto anaweza kuzama katika huzuni akageuzwa harusi. Hapa kwetu iliwezekana, na aliyeiwezesha ni mimi.

Aliyekutoa ni Bi Tabu. Hilo nataka uende nalo Kibaha umelishika vizuri, kwa sababu huko utafundishwa majina makubwa ya kazi hii, na mimi niliiona inafanywa na mwanamke mwenye ndala zilizofungwa waya. Bi Tabu ni mhudumu wa afya wa kijiji, anatembea kitongoji hadi kitongoji na mkoba wake na lile daftari kubwa, anapima watoto uzito, anawakumbusha wajawazito kliniki. Alikuja siku moja hapa na bakuli la mbaazi. Nikamtania kwamba amenusa ugali. Akavuta mkeka, akaukunjua mbele ya mlango wa chumba chako, akakaa, akaanza kumenya mbaazi. Akasema, "Mwanaidi, hujambo?" Ukajibu ndani kwa sauti ndogo, "Sijambo." Akamenya mbaazi kama robo saa. Halafu akauliza tena, "Mwanaidi, hujambo?" Hukujibu. Akamaliza mbaazi zake, akakung'uta maganda, akaaga, akaondoka.

Nilidhani amesahau kwamba ameshauliza. Kesho yake akarudi, akafanya vile vile. Keshokutwa vile vile. Nilimfuata njiani nikamuuliza mbona anarudia salamu kama mtu aliyelewa. Akaniambia, "Mzee Maganga, ile ya kwanza mtu anajibu kwa adabu. Mimi nakaa nasubiri ya pili."

Nikacheka, mwanangu. Nikaenda kijiweni nikawahadithia habari ya Bi Tabu anayesalimia mara mbili, na nikamwigiza.

Wiki ya tatu au ya nne, nilikuwa hapa barazani nachonga mpini. Akauliza ya kwanza, ukajibu sijambo. Akamenya. Akauliza ya pili. Safari hii nikasikia unasema, "Sijui." Neno moja. Bi Tabu hakushangilia, hakukwambia pole, hakukwambia umwombe Mungu. Alisogeza bakuli karibu na mlango tu. Na mlango ukafunguka kidogo, nikaona mkono wako umetoka umechukua ganda la mbaazi. Niliacha kuchonga. Nilitazama mkono ule mpaka macho yakaniwasha, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta msasa.

Miezi ile ndipo afisa maendeleo ya jamii wa kata alipoleta mpango wa vijana. Likaombwa lile ghala la zamani la ushirika, lililokuwa halina korosho wala kitu, popo tu. Bi Tabu akakuchukua kwa mkono mkaenda kufagia. Sikuwa na imani nao hata kidogo. Niliona vijana wanacheza mpira na netiboli mchana, wanapanda mchicha nyuma ya ghala, nesi wa zahanati anakuja mara moja kwa mwezi anakaa nao na kuzungumza nao mambo ambayo sisi tulikuwa tunayasikia vichakani. Kisha kila Alhamisi jioni mnakaa duara, mnapokezana kifuu cha nazi, mwenye kifuu anasema na wengine wanasikiliza. Nilikuwa napita makusudi kuchungulia. Siku moja nikakuta mlangoni mmeandika kwa chaki, Utani mwisho hapa. Nikauliza kwa kelele ni nani kaniandikia mimi barua. Vijana wote wakaangalia chini. Nilitambua mwandiko, mwanangu. Herufi yako ya n nimeiona tangu darasa la kwanza.

Iliniuma, lakini sikufuta.

Ukarudi shule. Bi Tabu alikwenda kwa mwalimu mkuu mara nne, najua kwa sababu alinipitia kila mara na mimi kila mara nilikuwa na kazi shambani. Ukamaliza kidato cha nne. Na badala ya kukimbilia Dar kama wenzako, ukarudi kwenye ghala ukawa wewe ndiye unayeshika duara. Nimekutazama ukifanya kazi ile kuliko unavyojua. Nyuma ya ghala kuna tundu ambapo bati limeachia, na mimi nilikuwa na sababu nyingi za kupita pale na mbuzi.

Nilikuona na Athumani. Baada ya ajali yake, abiria wake alipovunjika mguu, Athumani aliacha pikipiki kwa baba yake, akawa hawezi hata kusikia mlio wake. Sisi wazee tulikuwa tunamwita mwoga. Wewe hukumwambia kitu. Alhamisi tatu ulimpa kifuu naye akakipitisha kwa mwenzake bila kusema, na wewe ukawa unamshukuru hivyo hivyo. Ya nne akasema. Alisema mpaka jua likazama na hakuna aliyenyanyuka. Baadaye ukamwambia asiendeshe kwanza, aioshe tu pikipiki. Akawa anakuja kuiosha hapo nje ya ghala kila siku, kana kwamba pikipiki ni mtoto mchanga. Leo ndiye aliyekupeleka Chole, na kesho ndiye atakayekupeleka Maneromango kupanda basi. Mimi nimekaa na vijana wa kijiji hiki miaka yote hii, nimewachekesha wote, na hakuna hata mmoja ambaye naweza kusema nilimsaidia kushika tena usukani.

Nakwambia haya kwa sababu nakusifia. Sijawahi kukusifia, nilikuwa nakwambia ugali mgumu. Basi leo naandika waziwazi: mwanangu, una kipaji, na una subira ambayo sijui umeitoa wapi. Kwangu hukuitoa.

Sasa mkutano. Korosho zilikuwa zimepata soko, na wakubwa wa kijiji wakataka ghala lao. Mwenyekiti alinifuata nyumbani kabla. Akaniambia vijana watapiga kelele, hivyo watu wakichekeshwa kidogo jambo litapita bila ugomvi. Alijua anamwomba nani. Nikakubali. Sitakudanganya kwamba sikujua ninachofanya. Nilijua, na nilikuwa na hasira na ile chaki mlangoni.

Nikasimama. Nikasema ghala lile siku hizi lina wali wengi kuliko magunia, vijana wanaingia wazima wanatoka wanalia, na tukiliacha hivi mwakani hata mbuzi zetu watadai kukaa duara. Watu walicheka sana. Nikajiona nimerudi mimi. Nilikuwa najiandaa kuongeza la mwisho, la Bi Tabu na salamu zake, ndipo ukasimama upande wa wanawake.

Nilidhani utanigombeza. Ningeweza hiyo, mtu akinigombeza ndipo napata la kusema. Lakini ulisubiri watu watulie, ukaniamkia kwanza. "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba. Ukasema, "Baba, nilipokaa ndani ile miezi saba, kila siku nilikuwa nasubiri uingie. Uingie bila utani. Basi."

Ukakaa. Hukutaja ghala hata kidogo.

Kwa mara ya kwanza tangu niwe na akili timamu, watu walinitazama na sikuwa na kitu. Nikakaa chini. Kisha mama mmoja akasimama akasema mtoto wake anaenda ghalani na siku hizi anakula. Mwingine akasimama. Baba yake Athumani akasimama, mtu ambaye huwa hasemi mkutanoni. Mwenyekiti akasema korosho zitatafutiwa mahali pengine. Ghala likabaki kwenu, mkalipaka chokaa. Watu wanasema uliliokoa ghala kwa maneno machache. Mimi najua maneno yale hayakuwa ya ghala.

Haya, jibu langu hili hapa.

Nilikuwa nakuja. Kila siku nilikuwa nakuja mpaka mlangoni kwako. Ulikuwa ukiona kivuli chini ya mlango asubuhi kabla sijaenda shamba, kilikuwa changu. Nilikuwa nasimama na kikombe cha chai mpaka kinapoa. Nilikuwa nakusikia unalia, na mkono unafika kwenye komeo, na unarudi. Sikuingia kwa sababu niliogopa nikikuona umejifunika khanga ile nitalia, na nikilia sitaweza kunyamaza, na mtoto akiona baba yake ameanguka atashika wapi. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli wenyewe ni mdogo na wa aibu zaidi. Sikujua mtu anasema nini akiingia chumbani kwa mtu anayelia, kama haruhusiwi kumchekesha. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi na sikujua. Sikufundishwa, na sikuuliza, na yule aliyekuwa anajua alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya macho yangu na mimi nikamwigiza kijiweni.

Nisamehe kwa khanga. Nisamehe kwa mwali. Nisamehe kwa miezi saba na kwa mwaka huu mmoja wa kimya baada ya mkutano. Sikuombi unijibu. Wewe ulishasema lako, sasa ilikuwa zamu yangu.

Kuna jambo sijakwambia bado. Ulipokwenda Kibaha kwenye usaili, ukalala kwa rafiki yako siku mbili, siku ya pili ilikuwa Alhamisi. Niliswali alasiri, nikavaa kanzu, nikaenda ghalani. Nikapita pale mlangoni kwenye chaki. Vijana waliponiona walitaka kusimama, Bi Tabu akawaashiria wakae. Nikakaa duarani, magoti yanalia kama mlango wa zamani. Samahani, hapo nimeteleza. Niseme vizuri: nikakaa duarani, naogopa.

Kifuu kikanifikia. Ni kizito, mwanangu, sikujua. Bi Tabu akauliza, "Mzee Maganga, habari za nyumbani?" Nikasema nzuri. Wakasubiri. Vijana wale, ambao nimewatania tangu wanatambaa, wakasubiri kwa adabu, na kulikuwa na kichekesho kimeshafika ulimini. Nikakimeza. Bi Tabu akauliza tena, "Habari za nyumbani?"

Nikasema, "Nyumbani hakuna Zena."

Unajua sijawahi kumwita mama yako kwa jina tangu uzaliwe. Nilikuwa namwita Mama Mwanaidi, na alipokufa nikawa simwiti kabisa. Nililia mbele ya watoto wa watu. Athumani alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki, akakishika pamoja nami. Hakuna aliyecheka. Nikabaki nasubiri wacheke, mazoea tu, na hawakucheka, na duara likaendelea kwa binti mwingine ambaye naye alikuwa na lake. Nilipotoka niliona nimechoka kama mtu aliyelima ekari nzima. Usiku huo nililala mpaka alfajiri bila kuamka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mama yako aondoke.

Nimekwenda kila Alhamisi tangu siku hiyo, wewe ukiwa umemwachia Bi Tabu duara na kuniambia unakwenda kwa mama mdogo kushona. Najua ulikuwa unajua. Siku moja ulinipitishia kanzu imenyooshwa bila kusema neno, na mimi nikasema neno la kipuuzi kuhusu pasi. Asante kwa kanzu.

Utani sitauacha. Msiba ukitokea kesho Kurui nitajilaza njiani kama kawaida, maana bado kuna wajane wanaohitaji kula. Lakini nimeanza kurudi siku ya kumi, na ya ishirini, watu wakishaondoka, nakaa kwenye mkeka wao. Mbaazi sijui kumenya vizuri. Nabeba mahindi, napukuchua.

Huko Kibaha watakufundisha mengi na nakuombea uyashike. Watakuja wenzako wa mjini wanaozungumza haraka, wengine watakuuliza Kurui iko wapi, na huenda ukatamani kuficha kwamba kazi hii uliijulia kwenye ghala lenye popo. Usifiche. Waambie kuhusu ndala zenye waya. Waambie hata kuhusu mimi, kama itasaidia mtu, na usinipambe.

Khanga ya zambarau nimeiona umeikunja juu kabisa ya begi. Nilikuwa sijui kama utaiacha au utaibeba. Nimefurahi umeibeba.

Nasikia pikipiki huko bondeni, lazima ni nyinyi. Barua nitaiweka ndani ya khanga, uikute ukifika. Kesho kituoni Maneromango watu watakuwa wengi, na wananijua, watasubiri mzee Maganga aseme kitu cha kuchekesha binti yake akipanda basi. Nitakushika mkono tu. Ukikumbuka kwamba sikuongea, ujue ndiyo nilikuwa naongea.

Ukishatulia huko, nipigie. Utaniamkia, nitaitikia. Utaniuliza habari za nyumbani, na mimi, kwa mazoea ya miaka yote hii, nitasema nzuri.

Usikate simu, mama. Kaa kidogo, kisha niulize tena.

Baba yako,
Maganga